Divya Bharti, Mwana wa Watu

Habari ya kifo cha Divya Bharti, mcheza sinema wa Kihindi, ilipanda ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, Jumatano alasiri, Aprili 1993, ikiletwa na kijana wa duka la kanda za video. Tulikuwa tumechelewa kurudisha kanda mbili na alikuwa amekuja kuzidai. Alifika mlangoni asidai. Akamwambia mamdogo, "Yule mtu wako kafa."

Mamdogo alidhani ni maneno ya mtu anayetaka kanda zake. "Mtu wangu yupi?"

Kijana akalitaja jina, akainamisha macho. Mamdogo alikaa pale pale alipokuwa, kwenye ngazi, pini za kushonea zingali mdomoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Misiba nilikuwa nimeiona, lakini sikuwa nimemuona mtu mzima akimlilia mtu ambaye hajapata kumshika mkono. Mamdogo alilia hadi adhana ya magharibi. Bibi alimtoa zile pini mdomoni moja moja, kama anayemtoa mtoto miba, wala hakumwambia nyamaza.

Mamdogo na Divya walikuwa marika. Divya alizaliwa Bombay tarehe 25 Februari 1974, mamdogo akazaliwa Mombasa Juni mwaka ule ule. "Mimi ni mdogo wake kwa miezi minne," alikuwa akisema, kama kwamba wamelelewa ua mmoja wakigombea kibuzi kimoja. Nimeishi na msiba huo wa ngazini zaidi ya miaka 30, na kila nikisoma yanayoandikwa juu ya Divya Bharti naona watu wamemshika upande mmoja tu, upande wa dirisha. Nani alikuwepo? Nani alimsukuma? Alikuwa amekunywa nini? Msichana alifanya kazi usiku na mchana akiwa na umri ambao wengi wetu bado tunatumwa dukani, na kilichobaki cha kumkumbuka ni namna alivyoanguka. Inaniuma. Naandika kwa sababu inaniuma.

Asiyekulia Mombasa huenda asielewe kwa nini nyumba ya Waswahili ifanye matanga ya mcheza sinema wa Kihindi. Mama na bibi walikuwa watu wa sinema hasa, wa zama za Regal, Naaz na Majestic, zama za kuvaa buibui jipya na kwenda na kachri kwenye mkoba. Walizijua picha za Kihindi kwa majina ya nyimbo. Taarabu yenyewe iliyotulea ilikunywa kisima hicho. Juma Bhalo, fahari ya mji wetu, alikuwa akichukua mahadhi ya Kihindi na kuyavisha mashairi ya Kiswahili yenye mizani na vina, na ukumbi mzima ukainuka kutunza. Kwa hiyo mimi sikujifunza kupenda nyimbo za Bombay. Nilizikuta nyumbani, zimekaa mkekani na wakubwa.

Mimi ni wa zama za deki. Ya kwetu ililetwa na mjomba aliyekuwa akifanya kazi Dubai, na kanda nazo zilitoka huko huko, zimenakiliwa juu ya nakala hata nyuso zikawa na ukungu, na matangazo ya maduka ya Dubai yakipita chini ya kioo huku shujaa akifa. Hatukuwa na maandishi ya kutafsiri. Mkalimani wetu alikuwa jirani mmoja, mama wa makamo, aliyedai Kihindi anakijua chote. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba nusu ya hadithi alizotupa alizitunga mwenyewe, na zilikuwa nzuri kushinda zile za kwenye picha.

Divya aliingia nyumbani kwetu mwaka 1992 na picha ya Vishwatma. Kijana wa kanda alikuwa akiinadi kwa neno moja tu: "Ina Kenya." Na kweli ilikuwa nayo. Hadithi yenyewe ni ya askari wa India anayekuja Nairobi kumsaka jambazi, na sehemu kubwa ilipigwa hapa hapa nchini. Hebu fikiria sebule yenye wanawake kumi na watoto wasiohesabika, wote wanangoja kuona barabara wanazozijua, halafu katikati anatokea msichana wa miaka 17, macho kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, anaimba kwamba amezivuka bahari saba kumfuata ampendaye. Wimbo huo, Saat Samundar, ulipigwa kwenye kila harusi ya mji huu mwaka ule. Watu hawakuzitazama barabara tena. Mamdogo alisema, "Kuno kuvuka bahari kwaja kwetu, ati."

Hicho ndicho kilichomnasa. Divya alikuwa amekanyaga ardhi yetu. Hakufika Mombasa, lakini mamdogo aliona Nairobi na Mombasa ni safari ya usiku mmoja wa basi, kwa hiyo nusura wakutane.

Kabla ya hapo Divya alikuwa amekwisha kuanguka na kuinuka mara kadha. Baba yake, Om Prakash Bharti, alikuwa mtu wa bima. Nyumba yao haikuwa ya wacheza sinema. Shule aliiacha mapema. Watengenezaji picha walimtaka, kisha wakamuacha. Nafasi moja alikuwa amekwisha kuahidiwa ikaenda kwa Juhi Chawla. Msichana wa miaka 15 akiambiwa "hapana" na watu wazima wenye pesa, wengi hurudi darasani. Yeye alikwenda kusini, kwenye picha za Kitelugu, lugha ambayo si yake, akacheza na Venkatesh katika Bobbili Raja mwaka 1990. Ilipata umaarufu mkubwa. Alikuwa na miaka 16. Bombay ikamrudia yenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1992. Sijui nimuelezeje mtu wa leo mwaka huo. Kwa mwaka mmoja tu zilitoka picha zake zaidi ya kumi. Januari Vishwatma, kisha Shola Aur Shabnam aliyocheza na Govinda, Juni Deewana, halafu Balwaan, Dil Aashna Hai iliyoongozwa na Hema Malini, na nyingine. Kijana wa kanda alikuwa akija kila baada ya wiki mbili tatu na kusema, "Mpya ya Divya," na sisi hatukushangaa hata kidogo. Sasa mimi ni mfanyakazi, najua siku ina saa ngapi, na ndipo ninaposhangaa. Picha zaidi ya kumi! Maana yake ni asubuhi huku na usiku kule, vazi hili unavuliwa na lile unavishwa, leo mjane, kesho mwanafunzi, kesho kutwa binti wa tajiri. Unaambiwa lia, unalia. Unaambiwa cheza kwenye mvua ya mpira wa maji, unacheza. Na uso wake hauonyeshi uchovu popote. Nimezirudia picha hizo nikiutafuta uchovu na sijauona.

Deewana ndiyo iliyotawala nyumbani kwetu. Divya anaolewa na Rishi Kapoor; mume anadhaniwa ameuawa; anavaa nyeupe; halafu, picha imefika katikati, anaingia kijana juu ya pikipiki akiimba, nywele hazijachanwa. Kijana huyo aliitwa Shah Rukh Khan na hiyo ndiyo picha yake ya kwanza kutoka. Leo dunia nzima inamjua. Siku ile mkalimani wetu alisema, "Huyu hatafika mbali, pua yake kubwa."

Bibi alikuwa na neno lake kuhusu picha ile. Kila tulipoitazama alikuwa akihesabu kwa vidole. "Eda imekwisha? Miezi minne na siku kumi, mbona yuwaozwa mbio?" Mama akimwambia, "Mama, hao ni Mabaniani, hawana eda." Bibi akijibu, "Mfiwa ni mfiwa." Alimuonea imani sana yule mjane, akimwita mwana wa watu. Haya, mwana wa watu, stahimili. Jina hilo likamganda Divya nyumbani kwetu. Hatukusema "picha ya Divya", tulisema, "Leo tuna mwana wa watu."

Mamdogo alikuwa amemaliza kidato cha nne na amejifunza cherehani kwa fundi mmoja wa Mwembe Tayari. Vazi la Divya alilisoma kwenye kioo cha televisheni. Alikuwa akisimamisha kanda, picha inatetemeka na mistari inakatiza, naye anakwenda karibu hata pua inagusa kioo, anahesabu marinda kwa ncha ya kidole. Kisha anakwenda Biashara Street kutafuta kitambaa cha kufanana. Kanda ilichakaa pale pale alipokuwa akiisimamisha, na kijana wa duka akawa ananung'unika. Kwa Idi ya mwaka 1993 alinishonea gauni la Divya, rangi ya maembe mabivu, mikono ya puto, mkanda mpana wa kufunga nyuma. Nilitembea nalo Makadara kwenye viwanja vya Idi nikijiona nina kamera mbele yangu.

Ramadhani ya mwaka ule, tarehe 12 Machi, mabomu yalikuwa yamelipuka Bombay na kuua watu 257, na familia zenye jamaa huko zilikuwa na wasiwasi bado. Kwa hiyo masikio ya mji yalikuwa yameelekea upande huo. Idi ilikuja, ikapita. Mfunguo Mosi ulikuwa haujafika nusu.

Jumatatu usiku, tarehe 5 Aprili, Divya alikuwa nyumbani kwake Versova, katika jumba liitwalo Tulsi, ghorofa ya tano. Alikuwa na wageni wawili, Neeta Lulla, mbunifu wa nguo zake, na mume wa Neeta. Dirisha halikuwa na nondo. Akaanguka. Walimkimbiza hospitali ya Cooper lakini hakupona. Polisi walichunguza, na mwaka 1998 wakalifunga faili wakisema ni ajali. Baba yake mwenyewe alisema hadharani kwamba ilikuwa ajali. Mimi nasimama hapo. Watu wanaoendelea kumpeleleza kila Aprili kwa video za muziki wa kutisha hawakumzaa.

Sentensi moja katika habari ile ndiyo mamdogo aliyoibeba tangu siku hiyo: kwamba mgeni wake alikuwa mtu wa nguo. Wengine walipouliza nani alimsukuma, mamdogo aliuliza, "Na yule fundi wake, nani kampa pole?" Alisema, fundi humjua mtu kuliko mumewe. Amempima mabega, anajua bega gani limeshuka, anajua mwezi huu kapungua. Alisema hivyo akiwa ngazini, machozi yakimtoka, na mimi nikadhani anamsema mtu anayemjua kweli.

Yalipofika mambo ya dini, nyumba iligawanyika. Kijana wa kanda alikuja tena Ijumaa na habari nyingine kamili: Divya alikuwa ameolewa tangu Mei 1992 na mtengenezaji picha Sajid Nadiadwala, alikuwa amesilimu na kuitwa Sana, na ndoa ilikuwa imefichwa, kwa kuwa kazi ile humtaka binti aonekane hana mwenyewe. Lakini Jumatano, siku ile ile habari ilipotufikia, alikuwa amechomwa kwa mila ya Kihindu huko Vile Parle. Basi wanawake wakashikana. Asomewe? Asisomewe? Mkalimani wetu alisema aliyechomwa hasomewi. Mama akasema aliyetamka shahada ametamka, moto si hiari yake. Waliomo kwenye mkeka walikuwa wanawake waliofika kunywa kahawa, ila mjadala ulikuwa mzito kama wa kadhi na masheikh zake.

Bibi hakuingia. Usiku alichukua tasbihi akakaa kwenye kona yake, nami nilikuwa nimelala miguuni pake. Nikamuuliza anamsomea nani. Akaniambia, "Namsomea mwana wa watu. Mimi natia tu barua; atakayeifikisha yuko."

Jambo jingine lilibaki nyumbani kwetu baada ya hapo. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale, ina roshani ya mbao inayotokeza juu ya njia. Neno hilo hilo roshani, Wahindi hulitumia kwa maana ya mwanga, na ndiko hasa kulikoingia mwanga na upepo wetu. Watoto tulizoea kupanda ukingoni kuangalia wapitao. Tangu Aprili ile, mama alitupigia kelele moja tu: "Shuka, utaanguka kama Divya!" Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walilijua jina hilo kama onyo kabla ya kujua kwamba lilikuwa la mtu. Mdogo wangu wa mwisho alifikisha miaka 12 akidhani Divya alikuwa mtoto wa jirani asiyesikia la mkubwa. Nilipomuonyesha Deewana alitazama kimya, kisha akasema, "Mbona yuwacheka?"

Kazi aliyoiacha ilikuwa ya watu wengi. Picha moja, Laadla, alikuwa ameifikisha mbali. Ikabidi ipigwe upya na Sridevi, yule ambaye watu walikuwa wakisema Divya amefanana naye, na ikatoka mwaka 1994. Mohra, ya muongozaji yule yule wa Vishwatma, ilikwenda kwa Raveena Tandon. Vijaypath ilikwenda kwa Tabu. Rang ilitoka Julai 1993, miezi mitatu baada ya kufa kwake, na Shatranj ikafuata Desemba. Kule kusini kulikuwa na picha ya Kitelugu, Tholi Muddhu, iliyomalizwa kwa kumtumia Rambha, aliyekuwa na sura ya kukaribiana naye. Nafasi zake zikagawanywa kama nguo za marehemu, na kila aliyepewa moja ilimkaa, na baadhi yao zikawatoa hasa. Siwalaumu. Lakini nikiwaona katika picha hizo macho yangu humtafuta aliyepimiwa kwanza.

Rang tuliikodi. Mamdogo alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akatoka kabla haijesha. Hakukodi tena picha ya Divya. Mwaka uliofuata aliolewa, akahamia Kisauni, akafungua duka la ushoni ambalo linalisha nyumba yake hadi leo. Ameshona maharusi wasio na hesabu. Gauni langu la rangi ya maembe alilichukua yeye. Mimi nilikuwa nimekwisha kurefuka.

Februari 2018 Sridevi alipofariki Dubai, simu zetu zilijaa kabla ya chai ya asubuhi. Nikampigia mamdogo. Alikuwa amekwisha kujua, kila mtu alikuwa amekwisha kujua. Akasema, "Aliyevaa nguo za mwana wa watu, naye kaenda," kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilikumbuka kwamba habari ya Divya ilituchukua siku mbili kufika, kwa miguu ya kijana wa duka, na kwa siku mbili hizo alikuwa bado yu hai Kibokoni. Jumanne ile, yeye amelala hospitalini Bombay amekwisha kukata roho, mamdogo alikuwa akipiga pasi huku akiimba wimbo wake.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisauni kumuona. Nimegundua kwamba vipande vya Laadla alivyovicheza Divya kabla ya kufa vipo, watu wamevitia kwenye intaneti. Mamdogo alikuwa hajapata kuviona, wala kujua kwamba vipo. Alivaa miwani yake ya kushonea. Tulikaa barazani, mahamri na mbaazi katikati yetu, nikaishika simu mbele yake.

Divya akatokea. Ana miaka 19, anatembea kama mwenye nyumba. Mamdogo ana mvi upande mzima wa kichwa. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akanyosha kidole, kile kile cha kuhesabia marinda.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Safari hii picha haikutetemeka. Akaisogeza simu karibu hata pua ikagusa kioo.

"Waliona wewe bega hili? Limevuta kushoto," akasema. "Si kosa la fundi. Hapa bado yuwapima. Hii ingerudi kwake tena."

Akaniomba niendelee.